Kwa Nini Mpimaji wa Altrasaundi Hurudia Mahali Pale Pale?

Akina mama wengi hutuuliza: mpimaji akirudia mahali pale pale, je, ameona ubaya?

Altrasaundi haitumii mionzi kama eksirei. Kwa kupima tumbo hutuma sauti ya mitetemo kama milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Sikio la mtu hukomea 20,000 hivi. Sauti hugonga viungo na kurudi kama mwangwi. Mwangwi utokao ndani sana hurudi dhaifu, hivyo mashine huukuza. Lakini hapo hukuza na makelele, ndipo huyachuja kama tuchujavyo chai.

Ikichuja kidogo, picha hubaki na chengachenga. Ikichuja mno, picha hulainika hata uvimbe mdogo ukafichika. Katika kupima mwendo wa damu, chujio kali huweza kufuta damu iendayo polepole, mshipa ukaonekana kama umeziba.

Kwa hiyo mpimaji hubadili chujio na kutazama kutoka upande mwingine apate hakika. Akikawia msiogope, wala msimharakishe. Na dalili zikiendelea ingawa picha ni nzuri, rudini hospitali.