Tumfundishe Mtoto Kutazama

Wanachama, kila mwenye shamba anajua ya kuwa kazi ya karafuu ni ya macho kabla ya kuwa ya mikono. Mwenye kuona upesi huchuma kwa wakati wake. Asiyeona huchuma changa, au hungoja mpaka zikachanua na thamani yake ikapungua. Macho hayo hayaji pamoja na ndevu. Hufundishwa utotoni, udongo uwahi ungali maji.

Wengi wetu twadhani kumfundisha mtoto ni kumwambia. Twapita naye chini ya mikarafuu tukimtajia kila kitu jina lake, naye huitikia, kisha husahau kabla ya kufika nyumbani. Mtoto aliyeambiwa hukumbuka maneno. Aliyetazama hukumbuka kitu chenyewe. Basi kanuni ni moja, tena nyepesi: muulize kwanza ameona nini, ndipo umwambie jina lake.

Tuchukue mfano wa jani. Majani machanga ya mkarafuu huwa na wekundu, na mti wenye majani hayo ni mzima. Lakini mti ulioshikwa na ugonjwa wa kufa ghafla nao hubadilika rangi: majani hupiga umanjano, kisha huwa hudhurungi, na mti hukauka. Mtoto wa miaka sita akiambiwa kuwa jani jekundu ni zuri, atakosea siku moja. Akiambiwa ni baya, atakosea vile vile. Afadhali aulizwe: Rangi hiyo iko nchani mwa matawi tu, au mti mzima? Jani ni laini au limekauka? Juzi tulipopita mti huu ulikuwaje? Akiweza kujibu maswali hayo matatu, amekwisha anza kazi ya bwana shamba.

Wala jambo hili si mchezo. Ugonjwa huo uliua mikarafuu mingi visiwani kwetu, na kwa miaka mingi sababu yake haikujulikana, mpaka miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts walipoonyesha kuwa waletwa na aina ya kuvu iitwayo Valsa eugeniae, ambayo hushambulia mizizi. Dalili huonekana juu majanini, na chanzo kiko chini ardhini. Mwenye kuona dalili mapema hupata nafasi ya kumwita mtaalamu.

Wakati wa kuanika nao una mafunzo yake. Mpe mtoto kikombe, akijaze karafuu mbichi, mzianike pembeni peke yake. Kila jioni aseme rangi aliyoiona, na asikie kwa vidole kama zimeanza kuwa ngumu. Zikikauka, azirudishe katika kikombe kile kile. Mbona hakijai? Mwache afikiri. Mkiwa na mizani, pimeni kabla na baada. Ataona kuwa uzito uliobaki ni kama theluthi moja tu. Hesabu hiyo ataijua kabla ya kufundishwa skuli.

Kisha mtoe karafuu moja kavu, muiloweke katika maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, na aifungue polepole. Juu ahesabu meno manne. Katikati kuna kichwa cha mviringo, nacho ni petali nne zilizofumbana, na ndani yake mna nyuzi nyingi nyembamba. Hapo atagundua mwenyewe ya kuwa karafuu ni ua ambalo halijachanua. Akimaliza anawe mikono kabla ya kujigusa macho, maana mafuta yake huwasha.

Na nyumbani bibi anaweza kumchezesha mchezo wa ungo. Panga karafuu, iliki, kipande cha mdalasini, pilipili manga na kungumanga. Mtoto atazame kidogo, ufunike kwa kanga, uondoe kimoja, kisha ufunue. Kipi hakipo? Akizoea, afumbe macho atambue kila kimoja kwa harufu. Walio wadogo sana wasiachwe peke yao na vitu hivi, wasije wakavimeza.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, mtoto akikosea asichekwe. Mpeleke akatazame tena. Pili, umzoeze kupambanua alichoona na alichosikia. Akisema mkarafuu wa bondeni unakufa, muulize: "Umeuona, au umeambiwa?" Swali hili litamfaa maisha yake yote. Tatu, kutazama si kupanda. Matawi ya mkarafuu hukatika upesi, na watu wazima huanguka. Mtoto atazame akiwa chini, tena maji moto awatazame kwa mbali wakivuta majani na kuyashona. Wala msimu usiwe sababu ya kumkosesha skuli. Nusu saa ya jioni yatosha.

Ugumu wa kazi hii uko kwetu sisi wakubwa. Tuna haraka, na mtoto hutazama polepole. Ataka kuchutama penye mchwa nasi twataka kufika. Lakini mkarafuu huweza kuishi kuliko aliyeupanda. Atakayeutunza mche tuupandao mwaka huu, leo pengine ana miaka mitano, na yuko nyuma yetu njiani akiuliza swali. Tusimame tumsikilize.