Matairi Mema kwa Motokaa ya Magurudumu Makubwa

Mtu apitaye Eastleigh, mtaa wa mashariki ya Nairobi ambao watu wengi huuita Isli, haendi mbali kabla ya kuona motokaa iliyobadilishwa magurudumu. Rimu za inchi 15 zilizotoka nayo kiwandani zimeondolewa, na mahali pake zimewekwa rimu pana za inchi 17 zing'aazo kama kioo. Matatu nazo hupambwa vivyo hivyo ili ziwavute abiria. Hapana ubaya mtu kuipamba motokaa yake. Lakini rimu haikanyagi ardhi. Kinachokanyaga ni tairi, na sehemu ya kila tairi igusayo barabara haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyochukua maisha ya wote waliomo.

Kwa hiyo yampasa mwenye motokaa ajue kuchagua tairi jema. Elimu hiyo si ngumu, maana imekwisha kuandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Kusoma nambari

Tuchukue mfano wa Toyota Premio, motokaa ionekanayo sana Nairobi. Nyingi za aina hiyo huvaa matairi yaliyoandikwa 195/65R15 91S. Nambari 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 65 yaeleza kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo, ambayo ni milimita zipatazo 127. Nambari 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 91 ni alama ya uzito: tairi hilo laweza kuchukua kilo 615. Herufi S ni alama ya mwendo: tairi halikuundwa kupita kilomita 180 kwa saa.

Sasa kanuni kubwa ni hii: rimu ikiongezeka, ubavu wa tairi sharti upungue, ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Gurudumu la 195/65R15 lina kimo cha milimita zipatazo 634. Mtu akitaka rimu ya inchi 17 katika motokaa hiyo, tairi la 225/45R17 litampa kimo kile kile, ikiwa rimu yenyewe ina upana wa inchi 7 hadi 8 na nusu, na ikiwa matundu ya nati yanalingana na ya motokaa yake.

Lakini muuzaji akisema, "Kumi na saba ni kumi na saba," akatoa tairi la 225/65R17, mnunuzi na akatae. Gurudumu hilo lina kimo cha milimita 724, na huenda likasugua madigadi kila akatapo kona. Zaidi ya hayo, mita ya mwendo itamdanganya: itaonyesha kilomita 80 kwa saa, kumbe motokaa yaenda 91. Katika Kenya magari ya abiria yamewekewa mpaka wa kilomita 80. Dereva wa namna hiyo atauvunja mpaka bila ya kujua, na breki zake zitachelewa kuisimamisha motokaa kuliko alivyotazamia.

Uzito na umri

Watu wengi huutazama ukubwa tu, wakaisahau alama ya uzito. Liko tairi la 215/40R17 lenye alama 83. Laingia katika rimu ya inchi 17 na lapendeza macho, lakini lachukua kilo 487 tu. Kila gurudumu limepungukiwa na kilo 128 za nguvu. Motokaa iliyojaa watu watano na mizigo ya biashara haina nafasi ya kupoteza nguvu hizo. Alama ya uzito ya tairi jipya isiwe chini ya ile ya tairi la kiwandani.

Kisha litazamwe neno DOT ubavuni, na nambari nne za mwisho zifuatazo. Nambari 2318 maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani bila ya kutumiwa. Hukauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likitimiza miaka 10, ijapokuwa bado lina meno. Mwenye kununua tairi lililokwisha kutumika na aangalie zaidi: asikubali lenye uvimbe ubavuni, wala lenye nyuzi zilizotokeza, wala kipara. Ndani ya mifereji ya tairi mna vijiti vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi limekwisha.

Barabara na upepo

Tairi lenye ubavu mfupi lina kasoro moja ambayo muuzaji huenda asiitaje. Ubavu ndio mto wa gurudumu. Ukipunguzwa kutoka milimita 127 hadi 101, kishindo cha shimo huifikia rimu upesi, ikapindika, au nyuzi za tairi zikakatika ndani. Wakati wa masika, maji yakijaa njiani na kuficha mashimo, madhara hayo hupatikana kwa urahisi. Mtu apitaye barabara mbovu kila siku afadhali aridhike na rimu ya inchi 16 na tairi la 205/55R16, ambalo kimo chake chakaribia kile cha kwanza, na ubavu wake ni milimita zipatazo 113.

Tena wako watu wengi wasafirio kutoka Eastleigh hadi Garissa, mwendo wa kilomita zipatazo 370, wakiiacha baridi ya Nairobi na kushuka katika nchi ya joto kali. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana kila lizungukapo, na kule kujikunja huzaa moto. Moto huo ukikutana na joto la barabara, mzigo mzito na mwendo wa kasi, tairi hupasuka ghafula. Basi upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Kipimo chake kimeandikwa katika kibandiko kilichomo mlangoni mwa dereva; na ikiwa ukubwa wa matairi umebadilishwa, fundi aulizwe kipimo kinachofaa.

Kabla ya kwenda dukani, mwenye motokaa na aandike nambari zote za tairi lake la kiwandani katika kipande cha karatasi, akiweke mfukoni. Atakaposifiwa uzuri wa rimu, akitoe, asome, alinganishe. Tahadhari kabla ya hatari.