Sura ya 6: Mita Kwanza, Stabilaiza Baadaye

Mwenye amplifaya akisikia mvumo kwenye spika, wa kwanza kulaumiwa ni umeme. "Umeme wa huku mchafu," atasema, na mwisho wa mwezi amenunua stabilaiza nzito kama mfuko wa sembe. Mvumo unabaki palepale. Kazi ya stabilaiza ni kupandisha na kushusha volti, na mvumo wa spika mara nyingi hauna uhusiano wowote na volti.

Umeme wa majumbani Tanzania huhesabiwa kuwa wa volti 230, Kenya 240, lakini soketini hautulii hapo. Kiwango cha Ulaya, EN 50160, hupima wastani wa kila dakika 10 kwa wiki nzima na kutaka asilimia 95 ya vipimo hivyo viwe kati ya volti 207 na 253. Pampu ya jirani ikiwaka na umeme ukazama kwa nusu sekunde, wastani wa dakika 10 hauoni kitu.

Tuseme umeshuka hadi 207. Amplifaya ya kizamani, yenye transfoma nzito, itapoteza kama asilimia 19 ya nguvu yake ya juu kabisa. Kwenye karatasi inatisha, ila sikioni haifiki hata desibeli moja, tena pale tu unapofungulia sauti hadi mwisho. Kwa sauti ya sebuleni hutatambua lolote. Amplifaya zenye pawasaplai ya kisasa, ile iliyoandikwa 100–240 mgongoni, ndizo hazijali kabisa. Cha kuogopa ni volti kupanda. Transfoma hufuata uwiano uleule: amplifaya inayopata volti 58 ndani umeme ukiwa 230, itapata zaidi ya 65 umeme ukifika 260, ilhali huenda kapasita zake zimeandikwa 63.

Kwa kupima, anza na mita ya kuchomeka, ile inayoingia kwenye soketi na kuonyesha volti bila wewe kugusa waya. Yenye kuhifadhi kipimo cha chini na cha juu ni bora zaidi. Iache hapo wiki nzima, kwa sababu saa moja jioni, watu wakipika na kupiga pasi, na saa tisa usiku, mtaa ukiwa umelala, ni umeme wa aina mbili tofauti. Ukitumia multimita nyumba ikiwa kwenye inveta, chukua iliyoandikwa True RMS. Inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi, na mita ya kawaida huweza kusoma 180 hivi wakati umeme halisi ni 230.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linahitaji pasi tu. Chomeka mita na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja iliyo kwenye soketi ya amplifaya, soma volti, kisha washa pasi. Ikishuka volti mbili, usijali. Ikishuka tisa, kuna kizuizi cha kama omu mbili kati ya soketi na nguzo, na kizuizi hicho kinageuza wati 38 hivi kuwa joto. Joto hilo likiwa limejikusanya kwenye skrubu moja iliyolegea, plastiki ya soketi itaanza kubadilika rangi. Hapo aitwe fundi umeme. Habari ya muziki ingoje.

Pasi ikiwashwa na volti ya soketi ya chumba kingine ikapanda badala ya kushuka, zima meinswichi. Dalili hiyo, kama ile ya taa za chumba kimoja kung'aa kupita kiasi huku za kingine zikififia, huja nyutro inapolegea au kukatika kwenye nyumba au mtaa wenye fezi tatu. Volti ya fezi moja huweza kupita 300, na hakuna amplifaya iliyoundwa kwa ajili ya hilo.

Sasa ule mvumo. Kwanza jua unatoka wapi. Ukiwa ndani ya boksi la amplifaya na spika ziko kimya, ni transfoma inayotetemeka. Kikaushio cha nywele kilichowekwa nusu moto huweza kusababisha hilo, kwa kuwa baadhi yake hutumia nusu moja tu ya wimbi. Kizime usikilize. Ukiwa kwenye spika, chomoa nyaya za kuingizia sauti, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi mhalifu ni king'amuzi: waya wa dishi umefika ardhini kwa njia yake, amplifaya kwa njia nyingine, na mkondo mdogo unazunguka katikati. Dawa ni transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Wapo mafundi wanaokata waya wa arthi kwenye plagi, na mvumo huisha kweli. Siku waya wa moto ukigusa bodi la amplifaya, atakayeligusa ndiye atakayekuwa arthi.

Nyaya za umeme za bei mbaya, zinazouzwa kwa ahadi ya kusafisha sauti, siwezi kumshauri mtu azinunue: umeme umeshapita kilomita za alumini kabla ya kufika kwenye waya huo wa mwisho wenye urefu wa mita moja. Mita ikionyesha volti zinaruka juu na chini, kifaa cha kuzima umeme unapovuka mipaka, kile cha kulinda friji, kinatosha nyumba nyingi. Husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, na kwa kawaida vurugu kubwa huwa katika sekunde zile za kwanza unaporudi. Radi hakiiwezi. Mawingu yakifunga, chomoa plagi, na waya wa dishi pia.