Madaraja Yenye Paa (Sehemu ya Nne): Boriti Yenye Jina la Fundi

Desemba 2024, kikao cha kamati ya UNESCO ya urithi usioshikika kilichofanyika Asunción, Paraguay, kiliuhamisha ufundi wa Kichina wa kujenga madaraja ya miti ya upinde. Ufundi huo ulikuwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka tangu mwaka 2009. Sasa umo katika orodha ya kawaida. Kwa mtu kama mimi niliyeyapenda madaraja haya tangu ujana, ilikuwa sawa na kusikia mgonjwa ametolewa chumba cha mahututi. Furaha ipo, ila ndugu wenye busara hawakunji mikeka siku hiyohiyo.

Waliofuata makala zilizopita wanakumbuka jinsi upinde huu unavyofumwa: safu moja ya magogo yenye vipande vitatu, nyingine yenye vipande vitano, zikipishana na kubanana kwenye mihimili ya kukingama, bila nguzo hata moja mtoni. Sitarudia. Leo nataka tupande juu, tuliangalie paa, kisha tuinue macho kwenye boriti zake.

Paa hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuuweka mti mkavu. Gogo linalolowa na kukauka, likalowa tena, huanza kuoza kwenye viungo, na katika upinde wa kufumwa viungo ndiyo roho ya daraja. Ndiyo maana mafundi wa majimbo ya Fujian na Zhejiang, kusini mwa China, huezeka vigae juu, kisha hupigilia mbao ubavuni, zikining'inia hadi kuufunika upinde, ili mvua ya upepo isiufikie. Kazi ya pili ni uzito. Upinde mtupu ni mwepesi, na ukisukumwa kutoka chini viungo vyake vinaweza kulegea. Ukiubebesha nyumba nzima ya nguzo, boriti na vigae, viungo vinakazana. Mpita njia naye hupata kivuli, benchi la kupumzikia, na mara nyingi madhabahu ndogo katikati ya kuchomea ubani.

Nani aliyebuni daraja la miti lisilo na nguzo mtoni? Kisa hiki nakipenda kuliko vyote, na mhariri atanivumilia. Katika miaka ya 1030, enzi ya Song, mto unaopita mji wa Qingzhou, Shandong ya leo, ulikuwa ukibomoa nguzo za daraja kila ulipofurika. Gavana Xia Song alitafuta dawa. Aliyeipata ni askari wa jela aliyekwisha kuachishwa kazi. Aliimarisha kingo kwa mawe makubwa, akaunganisha magogo manene, daraja likavuka mto kwa mruko mmoja. Wang Pizhi, aliyekiandika kisa hicho, anasema zaidi ya miaka 50 baadaye daraja lilikuwa halijabomoka. Jina la gavana ametuandikia. La askari hakuliandika.

Daraja la namna hiyo, lisilo na paa, ndilo alilolichora Zhang Zeduan katika karne ya 12 kwenye ule mchoro wake mrefu wa mji wa Kaifeng: watu wamejazana juu, mashua inapambana na mkondo chini. Wataalamu bado wanabishana kama ufundi wa kaskazini ulihamia milima ya kusini au huko ulizaliwa wenyewe. Mhandisi Tang Huancheng hakuridhika na mabishano. Mwaka 1999 alishiriki kujenga daraja kama lile la mchoro huko Jinze, karibu na Shanghai.

Sasa tazama milima ya kusini walivyofanya. Ingia ndani ya daraja la kijiji chochote kati ya haya, inua kichwa. Kwenye boriti, kwa wino mweusi, yameandikwa mwaka wa ujenzi, majina ya waliochanga, na jina la fundi mkuu. Daraja la Rulong, wilayani Qingyuan, linajulikana kuwa la mwaka 1625 kwa sababu ya maandishi kama hayo. Mzee wa kijiji na fundi waliandikiana mkataba, kazi ikafanyika majira maji yakiwa machache, na ufundi ukarithishwa katika koo: Huang wa Changqiao, Zhang wa Xiukeng, Zheng wa Shouning.

Nasema haya kwa sababu sisi tuna tabia ya yule mwandishi wa Song. Jengo likizinduliwa, jiwe la marumaru ukutani hubeba jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe aliyokata utepe. Fundi aliyepanda jukwaa la miti kwa miezi hatajwi popote. Kisha tunashangaa vijana wanapokataa uanagenzi. Kijana hufuata heshima, na heshima huandikwa.

Heshima ya fundi huwafundisha hata majirani. Septemba 15, 2016, mafuriko ya kimbunga Meranti yalisomba madaraja matatu wilayani Taishun: Xuezhai, Wenzhong na Wenxing. Wanavijiji walishuka kingo za mto wakaokota magogo yaliyotapakaa, wakayarudisha. Mafundi walitambua kila gogo lilipokaa, na kufikia Desemba 2017 madaraja yote matatu yalikuwa yamesimama tena, sehemu kubwa kwa miti ileile.

Moto hauna huruma ya maji. Usiku wa Agosti 6, 2022, daraja la Wan'an, Pingnan, lenye mita 98.2, refu kuliko yote ya aina yake nchini China, liliungua likaanguka. Asili yake ni enzi ya Song, ingawa lilijengwa upya mara kadhaa. Gogo lililosombwa linaokotwa, majivu hayaokotwi. Kilichobaki ni kile kilichomo mikononi mwa ukoo wa Huang, ambao kwao ni pale pale, akiwamo fundi Huang Chuncai anayetambuliwa na taifa.

Kwa hiyo uamuzi wa Asunción usitulaze. Orodha haikeshi usiku kulinda daraja, wala hailipi posho ya mwanagenzi. Sababu zilizotajwa mwaka 2009, yaani miji kukua haraka, miti mikubwa kuadimika na nafasi za kujenga kukosekana, bado zipo. Serikali inayotaka madaraja na iagize madaraja mapya, maana fundi asiyejenga husahau.

Juma lijalo tutahamia Vermont, Marekani, ambako adui wa daraja lenye paa ni dereva wa lori asiyesoma kibao cha kimo.