Dawa ya Mzee Hukwama Wapi Kabla ya Kufika Uluguru

Mjini Morogoro yapo makazi ya wazee ya Fungafunga, yanayoendeshwa na Serikali, lakini wazee walio wengi mkoani hutunzwa na watoto na wajukuu nyumbani. Kwa mwenye presha au kisukari huko Mgeta, Kinole au Matombo, kwenye Milima ya Uluguru, dawa ya kila siku hutegemea mnyororo unaoanzia Bohari ya Dawa (MSD) na kuishia kwenye kabati la zahanati.

Mara nyingi mnyororo huo hukatikia kwenye makaratasi. Tuchukue zahanati yenye wagonjwa 30 wa presha, kila mmoja akimeza kidonge kimoja kwa siku: mahitaji ni vidonge 900 kwa mwezi. Dawa ikikosekana mwezi mmoja kati ya miwili, leja itaonyesha wastani wa 450. Muuguzi asipojaza siku ambazo dawa haikuwepo, oda inayofuata itakuwa pungufu kwa nusu, na wazee wataambiwa tena: "Dawa zimeisha, kanunue."

Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia. Lakini kwa anayeishi juu mlimani, masika yanapoharibu njia, nauli ya bodaboda huweza kuzidi bei ya vidonge. Mzee huanza kuruka siku. Kiharusi kikimpata, shamba la familia hupoteza pia mikono ya anayemuuguza.

Morogoro imeshapata sehemu ya jawabu. Mfumo wa Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuingia Morogoro na Shinyanga mwaka 2016, huwezesha vituo kununua kwa mshitiri mmoja wa mkoa, yaani muuzaji aliyeteuliwa, pale MSD inapokosa dawa. Mwaka 2018 ulianza kusambazwa nchi nzima.

Hata hivyo, mshitiri hulipwa fedha. Wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure, na hiyo ni haki ya kulindwa. Ila kila kopo wanalopewa bila kituo kufidiwa huacha pengo kwenye mfuko wa kununulia kopo jingine.

Serikali ifidie misamaha hiyo. Zahanati ziagize kwa rejista ya wagonjwa badala ya wastani wa leja. Na wenye presha iliyotulia wapewe dawa za miezi kadhaa, kama wanavyopewa watumiaji wa ARV. Utaratibu huo vituo vyetu tayari vinaumudu. Wazee nao wanastahili kuupata.