Garissa ina hadithi na watazamaji, haina mnunuzi

Elizabeth Michael, yule Lulu wa Dar es Salaam, alianza kuigiza na Kaole Sanaa Group akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 2016 filamu yake, Mapenzi ya Mungu, ikatwaa tuzo ya AMVCA (Africa Magic Viewers' Choice Awards) ya filamu bora Afrika Mashariki. Kipaji anacho, lakini pia alikuta kikundi kilichokwisha kujengwa na kituo cha televisheni, ITV, kilichohitaji mchezo mpya kila wiki.

Binti wa Garissa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya, angeanzia wapi?

Watazamaji si haba. Tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kisomali zinatazamwa kwenye simu na kupitishwa kwa memori kadi. Ila sauti hizo hutiwa kwingine. Hela ya Garissa inaishia kwenye bando.

Hadithi nazo zipo. Desemba 2015, al-Shabaab waliposhambulia basi karibu na El Wak, Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Filamu ya tukio hilo, Watu Wote, ilifika hadi kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Mwongozaji, Katja Benrath, alikuwa mwanafunzi wa Hamburg Media School. Faysal Ahmed na Barkhad Abdirahman, sura zilizojulikana kwa Captain Phillips, waliletwa kutoka Marekani. Filamu nzuri, sina ubishi. Lakini anayetafuta mtayarishaji wa Kaskazini Mashariki kwenye filamu hiyo atatafuta sana.

Mafunzo? Shirika la FilmAid limewafundisha vijana wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab kushika kamera. Wakishahitimu, mteja mwenye pesa ni shirika, na shirika linanunua ujumbe wa dakika chache kuhusu chanjo au maji. Tamthilia ya vipindi 26 halina haja nayo.

Mnunuzi halisi yuko Nairobi, ambako kanuni zinavitaka vituo vya televisheni virushe vipindi vya nyumbani kwa angalau asilimia 40 ya muda wao. Njia rahisi ya kujaza muda huo ni mazungumzo ya studio. Hata hivyo kituo cha Citizen kimenunua tamthilia za Maria (2019), Zora (2021) na Sultana (2022), zote za Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, na lafudhi ya Pwani ikaingia sebule za Nyeri na Kisii. Mtayarishaji wa Garissa atakayebisha hodi hapo na vipindi vitatu vilivyokwisha kurekodiwa, mama mkwe wa Kisomali akifoka kwa Kiswahili cha kwao, atakuwa na kitu cha kujadilia bei.