Mgeni wa Mtaa Mzima

Kila kundi la wanafunzi wa kigeni likiondoka Unguja huacha lalamiko lile lile: mama wa nyumba alikuwa mkarimu, lakini kila nikitoka ananiuliza nakwenda wapi. Hawa ni vijana wa vyuo vya Ulaya na Marekani wanaokuja kusoma Kiswahili, zamani TAKILUKI pale Vuga, siku hizi SUZA, chuo kikuu kilichoimeza taasisi hiyo. Wanakuja kwetu kwa kuwa Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Asubuhi wako darasani, mchana na usiku wako majumbani mwa watu. Na habari za majumbani ndizo zinazosimuliwa vibaya.

Wanasema wanachungwa. Wanasema ukarimu gani huu unaolipiwa. La pesa nilimalize haraka: ndiyo, familia hulipwa, na mama wa nyumba anazihitaji hizo pesa, maana mchele haununuliwi kwa salamu. Lakini kinacholipiwa ni chumba na chakula. Aliyemwambia kijana kwamba amenunua na ruhusa ya kutoka saa nne za usiku bila kuaga, kamdanganya.

Kwetu, mgeni aliyelala ndani ya nyumba ni amana. Siku anayoingia na begi lake, kabla ya alasiri bibi wa nyumba ya pili ameshapita kusalimia, na wazee wa barazani wameshauliza, mtoto huyu wa nani? Wakijibiwa "wetu", basi. Akipotea katika vichochoro vya Mkunazini, mtoto yeyote atamrudisha mpaka mlangoni. Akipatwa na baya, mtaa utamuuliza mama yule kabla chuo na ubalozi havijapata habari: wewe ulikuwa wapi? Ndiyo sababu anauliza. Hataki maelezo marefu. "Naenda sokoni" inatosha, hata kama sokoni huendi.

Ni kweli kwamba msichana huulizwa mara tatu na mvulana mara moja. Hilo silitetei, mabinti zetu wenyewe wamelilalamikia miaka yote.

Harusi, unyago na Mwaka Kogwa wa Makunduchi ndiyo mambo wanayopenda kuyapiga picha na kuyaandikia. Nawaachia. Mimi langu ni sahani.

Anayetaka kuijua nyumba aliyofikia aikae Ramadhani. Tangu alasiri jiko halipumziki: muhogo wa nazi, ndizi mbivu, majimbi, tambi, kaimati zinazosubiri shira, uji wa pilipili manga. Kinachopikwa huwazidi walaji, na huwazidi kwa makusudi. Adhana ya magharibi ikikaribia, watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kawa: moja kwa jirani wa kulia, moja kwa mjane wa pale kona, moja msikitini. Wakati huo huo za wengine zinabisha hodi. Na sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiwa huna cha kutia, unakaa nayo mpaka upate.

Mwanafunzi huona sambusa zinatoka na sambusa zinaingia, akashangaa kwa nini kila mtu asile zake akapunguza usumbufu. Hajaona kwamba sahani ya yule mjane inapita katikati ya sahani nyingine zote. Hupelekewa mwenye nacho ili anayepelekewa kwa kuwa hana asijulikane. Mjane naye hurudisha sahani na ndimu mbili ndani, akawa ametoa kama wenzake walivyotoa. Sijaona msaada wowote wenye makaratasi uliomsitiri mtu hivyo.

Mama anayejua mambo humtuma mgeni wake na sahani. Huko atasimama mlangoni mpaka aitikiwe, atavua viatu, ataulizwa hali ya mama yake aliyeko Ujerumani, na hataruhusiwa kuondoka kabla ya kuonja kitu.

Lakini nalitetea jambo linalokwisha. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo nimeona nyumba baada ya nyumba ikigeuzwa hoteli. Warithi wameuza au wamekodisha, wamehamia Fuoni na Bububu nyuma ya kuta na mageti. Pelekeni sahani ya kaimati mapokezi ya hoteli, mlinzi atawauliza nani kaagiza. Hata familia zilizobaki siku hizi huletewa karatasi ya masharti. Moja niliisoma: mwanafunzi awe na ufunguo wake, asihojiwe nyendo zake, chakula chake kitengwe. Mama akatia sahihi, angefanyaje? Kijana akamaliza muhula akila mezani peke yake, nasi mkekani tumezunguka sinia moja, halafu akalalamika kwamba watu wa nyumba ile hawakumzoea!

Wanaopanga safari hizi huniuliza kama si bora kuikwepa Ramadhani, kwa kuwa mchana migahawa mingi hufungwa na vijana watashinda na njaa. Nawajibu: waleteni mwezi huo huo. Mtoto mdogo na mgonjwa huwekewa chakula chao ndani mchana, mgeni naye atawekewa chake. Ikifika alasiri apewe sahani aipeleke kwa mjane wa pale kona, na hayo masharti yenu yangoje Idi.